Mama Mkwe wa Siku Moja

Kwa miaka tisa alikuwa amewatembeza watu wa kila aina katika mji ule wa pwani. Aliwatembeza wazee wenye magongo, watoto wa shule waliotapika ndani ya basi, maharusi wasiotazama chochote ila nyuso zao, na mpiga picha mmoja mwenye kisirani ambaye ilibaki kidogo tu amwamuru asogeze jua. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumtia tumbo joto. Lakini Jumamosi ile asubuhi alisimama kando ya kigari chake cheupe, nje ya nyumba ya mchumba wake, viganja vikimtoka jasho kama mwanafunzi anayesubiri matokeo ya mtihani. Mgeni wake wa siku hiyo alikuwa mmoja tu, naye alikuwa mama mkwe wake mtarajiwa.

Kazini walimwita Kipaza. Siku moja kipaza sauti cha basi la watalii kiliharibika, naye akaendelea kueleza habari za mji kwa koo lake mwenyewe mpaka wa kiti cha mwisho wakasikia. Tangu hapo jina likamganda. Hata mchumba wake alimwita hivyo, ingawa kinywani mwake jina hilo lilikuwa na utamu ambao wenzake wa kazini hawakuujua.

Mchumba huyo alikuwa fundi wa injini za meli. Miaka miwili iliyopita alipanda basi la Kipaza mara tatu katika juma moja, kila mara kiti cha mbele, kila mara na maswali ya ajabu ajabu. Mara ya tatu, Kipaza alipomaliza kueleza ngome ilijengwa lini, jamaa akanyoosha mkono.

"Na wewe, dada, ulijengwa mwaka gani?"

Basi zima likavunjika mbavu. Kipaza alijitia kununa, lakini safari ilipokwisha alimkuta amesimama mlangoni mwa basi akisubiri kumwomba radhi, na radhi ile ikachukua saa mbili na vikombe vinne vya kahawa.

Kabla mambo hayajafika mbali, alimwambia lake. Alikuwa ameolewa zamani, akakaa kwenye ndoa miaka saba bila mtoto. Madaktari watatu wa hospitali mbili walimwambia jambo lile lile, kwamba hatashika mimba. Alilisema hilo huku akitazama meza, akingoja kusikia kiti kinavutwa na mwanaume anaondoka. Kiti hakikuvutwa. Fundi alimshika mkono kwa mara ya kwanza siku ile, akasema, "Mimi nakutaka wewe. Sikuja kutafuta kiwanda." Kipaza alicheka na kulia kwa pamoja. Moyo wake ulihamia kwa mwanaume yule siku hiyo hiyo, na haukurudi tena.

Na wiki moja kabla ya ujio wa mama yake Fundi, Kipaza alikuwa amemwuliza tena, "Mama ameshajua lile?"

"Ameshajua. Nilimwambia nilipoenda likizo. Amesema ni mapenzi ya Mungu."

"Kweli?"

"Kweli kabisa, mpenzi. Wewe mtembeze tu, ajionee mwenyewe kwa nini mwanawe amechanganyikiwa."

Basi mlango wa nyumba ukafunguka, akatoka mwanamke mfupi mwenye miwani minene, mkoba wa ngozi begani na daftari dogo mkononi. Alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka thelathini na minane kabla ya kustaafu, na bado alitembea kana kwamba kuna mstari wa watoto nyuma yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu." Akamtazama kutoka kichwani hadi viatuni, bila kuficha. "Kumbe ndiye wewe. Zile picha zinakudhulumu."

"Asante, Mama. Mwanao amenipigia simu alfajiri. Kuna meli imegoma kuwaka, imebidi aende. Atatukuta mchana kwenye mnara wa taa."

"Najua. Kaniachia chai kwenye chupa na karatasi mezani. Huyo tangu utotoni, kitu kikiharibika mahali yeye anaona raha." Akaingia garini, akafunga mkanda, akafungua daftari. "Haya. Usinipunguzie kwa kuwa mimi ni mama wa mtu. Nataka unitembeze kama unavyowatembeza wageni wa kutoka mbali."

Walianza na ngome. Kipaza alieleza kuta, lango na chumba cha silaha, na mama akaandika kila tarehe, na mara mbili akamrudisha nyuma kwa sababu hesabu ya miaka haikumwingia akilini. Mara ya pili Kipaza aligundua kwamba ni yeye aliyekuwa amekosea, na kwamba amekuwa akiwakosesha wageni kwa miaka tisa.

"Si kosa," mama akasema, akimgonga gonga bega. "Ni hesabu ya kutoa tu. Kutoa kuliwashinda wengi." Wakafika kwenye mzinga mkubwa uliotazama baharini. "Na huyu mzee hapa amezamisha meli ngapi?"

"Hata moja, Mama. Ulipasuka siku ya kwanza ya majaribio."

"Na wageni mnawaambia hivyo?"

"Bosi hapendi. Mimi nawaambia."

"Vizuri. Mtu wa kunipambia pambia simuwezi." Na walipofika kwenye ngazi za kushuka, zilizolika katikati kwa nyayo za watu, mama alimshika Kipaza mkono bila kuomba, kama mtu anayeshika kitu chake mwenyewe. Hakuuachia hata walipofika chini.

Kipaza alijisikia mwepesi. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa kidato cha pili, na alikuwa amesahau jinsi mkono wa mama unavyokuwa mkavu na wa moto.

Kutoka ngomeni wakaenda kwenye jumba la samaki, pale bandarini. Ndani kulikuwa na giza jepesi na ubaridi, na maji ya bahari yalimetameta nyuma ya vioo. Mama alisimama mbele ya kila kioo kama mkaguzi wa shule. Alipofika kwa farasi wa baharini, wale samaki wadogo wenye shingo za kiburi, akainama mpaka miwani ikagusa kioo.

"Huyu mwenye kitambi ndiye jike, eti?"

"Hapana, Mama. Huyo ni dume. Kwa samaki hawa, dume ndiye anayebeba mimba."

"Acha utani wewe!"

"Haki ya Mungu. Jike anamwachia mayai kwenye mfuko wa tumboni, kisha anaenda zake kutembea."

Mama alicheka mpaka akavua miwani. Alicheka mpaka mlinzi akachungulia. "Ee Mola! Marehemu baba yao angebeba hata mmoja tu, mtaa mzima ungehama kwa makelele yake!" Akajifuta macho kwa upande wa mtandio, akavaa miwani tena, akamtazama yule farasi kwa upole. "Wajukuu zangu nitawaleta hapa. Nitawasimamisha papa hapa kwenye kioo hiki, niwaambie, mama yenu ndiye aliyenionyesha."

Kipaza alihisi kama amemwagiwa maji ya barafu mgongoni.

Labda ni maneno tu, alijiambia. Watu wazima husema wajukuu kama wengine wanavyosema inshallah. Labda amekusudia watoto wa kulea. Akajikaza, akauliza kwa sauti aliyoipunguza kwa makusudi, "Mama, mwanao alikueleza habari zangu zote?"

"Alinieleza, usiwe na wasiwasi. Kwamba uliolewa ukaachika. Mume mwenyewe alikuwa mlevi, anakupiga, ukashindwa. Mimi hilo halinisumbui hata kidogo. Mwanamke hawezi kufia kwa mlevi."

Mume wake wa kwanza alikuwa mhasibu mpole ambaye hakuwahi kutia pombe mdomoni wala kuinua mkono wake. Kipaza alifungua kinywa, akakifunga. Nyuma ya kioo yule dume mwenye mimba alikuwa amejizungushia mkia kwenye unyasi, akipepesuka taratibu.

"Twende tukale, Mama," akasema.

Walikaa kwenye mgahawa wa ufukweni, chini ya mwavuli mkubwa, wakaagiza samaki wa kukaanga na viazi. Kipaza hakuweza kumeza. Aliuchambua mwiba mmoja mmoja na kuupanga ukingoni mwa sahani. Mama alikuwa amechangamka, na mazungumzo yakawa yanamtoka yenyewe.

"Nimewatengenezea chumba, unajua? Kile cha nyuma, chenye dirisha la kuelekea bustanini. Mkija likizo na mtoto msipate shida. Yaani, simsifu kwa kuwa nimemzaa, lakini mwanangu ana mikono. Mwenyewe ndiye aliyekipaka rangi alipokuja likizo. Siku mbili nzima yuko juu ya ngazi. Nikamwambia, paka nyeupe tu. Akakataa. Akasema njano, Mama, ili akija wa kike au wa kiume imfae."

Uma ulimponyoka Kipaza, ukalia kwenye sahani.

Ule uongo kwamba mama ameshaambiwa na amekubali, angeweza kuusamehe. Mwanaume anaogopa kumwambia mama yake jambo zito, akaahirisha, akatunga, hilo lina jina na jina lake ni woga. Lakini kile chumba kilimchoma. Hakuna mtu aliyemlazimisha kupanda ngazi ile. Hakuna aliyemwambia achague rangi. Alimwona waziwazi, kaptura kuukuu, brashi mkononi, akipiga mluzi kama anavyopiga akiwa na furaha, akimpakia chumba mtoto ambaye alijua hatakuja.

"Mwanangu, vipi? Mwiba?"

"Mama," Kipaza akasema, "naomba uweke uma chini kidogo. Kuna jambo ulipaswa kuambiwa na hukuambiwa."

Akamwambia lote. Hakulia. Aliliongea kama anavyoongea kazini, jambo la kwanza, la pili, la tatu, kwa kuwa alijua akisimama katikati hataweza kuendelea. Alimwambia mume wa kwanza hakuwa mlevi. Alimwambia hospitali mbili na madaktari watatu.

Mama alisukuma sahani kando. Akavua miwani, akaishika mapajani.

"Unajua kwa hakika?"

"Kwa hakika, Mama."

"Na mwanangu anajua?"

"Nilimwambia kabla hajanishika hata mkono."

Mama akaondoka mezani. Alivua viatu, akaviacha kwenye mchanga sambamba, akatembea peke yake mpaka maji yakamfika vifundoni. Alisimama pale amegeuka mgongo, mkoba ungali begani. Kipaza alibaki kitini, roho mkononi. Alikuwa anangoja kile kiti kivutwe, kwa mara nyingine tena katika maisha yake.

"We binti!" mama akaita bila kugeuka. "Njoo unishike, mchanga unanikimbia chini ya miguu!"

Kipaza akakimbia na viatu vyake, akaingia majini navyo. Wakasimama wameshikana.

"Sitakudanganya," mama akasema. "Nimeumia. Nilizaa watatu nikazika wawili, huyu ndiye aliyebaki. Wale wajukuu nilikuwa nimeshawaona. Wa kwanza wa kike, kichwa kikubwa kama cha babu yake." Akacheka kidogo, cheko likamkwama. "Lakini hao hawapo. Wewe upo. Na leo umeniambia jambo ambalo ungeweza kunificha mpaka nife."

"Nisamehe, Mama."

"Nikusamehe nini? Umeniibia? Nipe siku mbili tatu nilie kwa nafasi yangu. Baada ya hapo ukija kwangu utaingia kama unavyoingia kwenu." Akamminya mkono. "Huyo mwingine ndiye nina hesabu naye."

Hapo ndipo Kipaza alipolia, mbele ya watu wote wa ufukweni, maji yakimlowesha gauni. Alilia kwa furaha. Ile miaka yote aliyoogopa uso wa mama wa mtu, kumbe uso wenyewe ni huu. Alijiambia kile chumba kina maelezo yake. Fundi atafika, ataulizwa, atapata haya, atasema nisameheni, na mambo yatakwisha.

Mnara wa taa ulikuwa nje ya mji, nusu saa kwa barabara ya pwani, juu ya mwamba mweusi ambapo mawimbi hupiga na kurudi. Fundi alikuwa ameshafika. Walimwona kwa mbali amekaa kwenye benchi la mawe, na alipowaona akasimama, akapunga mikono yote miwili kama mtoto. Kipaza alimpenda hata kwa namna alivyopunga. Alipenda kucha zake zenye weusi wa grisi usiotoka, na lile shati lililochomekwa upande mmoja tu.

"Kipaza wangu! Umemchosha mama au yeye ndiye amekuchosha?" Akamtazama machoni, tabasamu likapungua. "Mbona macho mekundu?"

"Kaa chini, baba," mama akasema. Akakaa. "Ni nani aliyekuambia mume wa kwanza wa huyu alikuwa mlevi?"

Uso wa Fundi ulisawajika. Alimtazama Kipaza, akamtazama mama, akatazama bahari. "Mama, nilikuwa nataka kukwambia. Nilikuwa natafuta wakati."

"Wakati umeutafuta mwaka mzima? Na kumsingizia mtu wa watu ulevi, wakati wa hilo uliupata wapi?"

"Niliogopa utamkataa."

"Basi sijamkataa. Kaniambia mwenyewe, nimeumia, nimekubali. Yamekwisha. Mwombe mwenzako radhi, twende tukapande mnara, kama magoti yatanikubalia."

Fundi akageuka. Akapiga goti moja mbele ya Kipaza, akamshika mikono. "Nisamehe, mpenzi. Wallahi nisamehe. Nilikuwa mwoga."

Ingekuwa rahisi kumwinua, na mikono yenyewe ilikuwa imeshataka. Lakini Kipaza akasikia sauti yake ikiuliza, taratibu, "Kile chumba ulikipaka cha nani?"

"Chumba gani?"

"Cha njano."

Fundi akamwachia mikono. Kwa wakati ule ule kijana mmoja na mwenzake wa kike wakasogea, simu mkononi. "Kaka, samahani, unaweza kutupiga picha moja na mnara?" Fundi akainuka kama aliyeokolewa, akapokea simu. Akapiga mara tatu ndipo mnara ukaingia wote. Yule msichana akashukuru, akachangamka, "Na nyie tuwapige?"

"Asanteni, wanangu," mama akajibu. "Sisi bado tunaongea."

Wakaenda zao wakicheka. Fundi akabaki amesimama.

"Nilipaka tu," akasema hatimaye. "Mtu anaruhusiwa kuwa na matumaini. Madaktari watatu siyo Mungu, Kipaza. Siku hizi kuna hospitali mpya, kuna dawa mpya. Nimeulizia. Kuna mtaalamu anaweza kutuona mwezi ujao."

"Umeulizia lini?"

"Muda kidogo."

"Muda gani?"

"Tangu mwaka jana."

"Nilikuambia sirudi tena kule. Nilikuambia sindano nilizochomwa, na vitanda nilivyolalia, na jinsi nilivyokuwa nahesabu siku kila mwezi kama mfungwa. Ukasema hukuja kutafuta kiwanda."

"Mara moja tu. Kwa ajili yangu. Ikishindikana, basi."

"Ikishindikana basi nini?"

Mama akaingilia, sauti imempanda. "We mtoto, huelewi? Mimi niliyekuwa nawataka wajukuu nimekubali! Unamsumbua nini mwenzako?"

"Mama, wewe umekubali," Fundi akasema. "Lakini mimi..."

Hakumalizia. Aliyasikia maneno yake mwenyewe yakitoka, akajaribu kuyarudisha, mdomo ukabaki wazi. Kipaza alimtazama mwanaume yule aliyempenda kuliko mtu yeyote duniani, na hakuona uongo usoni mwake. Aliona hamu. Hamu ya kweli, ya mtu mwenye njaa. Hilo ndilo lililomvunja, maana mwongo angeweza kumchukia.

"Njoo," akamwambia, akamshika mkono, wakasogea mpaka kwenye ukuta mfupi wa mawe, mbali kidogo na mama.

"Kipaza, nilikosea kusema."

"Hukukosea. Leo ndiyo umesema."

"Nakupenda. Hilo unalijua."

"Nalijua. Naye alikuwa ananipenda." Akameza mate. "Yule wa kwanza. Naye alisema hajali. Mwaka wa tatu akaanza kusimama kwenye vioo vya maduka ya nguo za watoto. Alikuwa hajijui kwamba anasimama. Mimi natangulia hatua kumi, nageuka, namwona. Sikuachwa siku moja. Niliachwa kidogo kidogo kwa miaka minne. Siwezi tena, mpenzi. Sina miaka minne mingine ya kuachwa."

"Mimi siyo yeye."

"Wewe umeshapaka chumba."

Fundi akaweka kichwa begani mwake, akalia. Alilia kwa sauti, bila kujali wapita njia. Kipaza alimpapasa kisogo, kile kisogo alichokijua kwa vidole kuliko mtaa wowote wa mji ule, akanusa grisi na sabuni, akafumba macho apate kunusa vizuri.

"Niambie niseme nini," Fundi akanong'ona. "Niambie, nitasema."

"Sema hutaki mtoto."

Akamsikia anavuta pumzi. Akamngoja. Mawimbi yalipiga mwamba yakarudi, yakapiga tena. Fundi hakusema kitu.

"Asante," Kipaza akasema. "Asante kwa kutoniongopea mara ya pili."

Yeye ndiye aliyekuwa na gari, na hakuweza kuwaacha watu porini. Basi wakarudi mjini wote watatu, mama mbele, Fundi nyuma. Hakuna aliyefungua redio. Walipoingia barabara ya bandarini, mama, macho mbele, akauliza kwa sauti nyembamba:

"Na lile jengo refu la matofali, la nini?"

Kipaza akakohoa kusafisha koo. "Hilo lilikuwa ofisi ya forodha, Mama. Zamani mizigo yote ilipitia hapo. Siku hizi ni maktaba."

"Na lile la saa?"

"Lile ni kituo cha zamani cha reli."

Aliendelea hivyo, jengo baada ya jengo, kwa ile sauti yake ya kazini iliyo wazi na ya kirafiki, na machozi yakimtiririka mpaka kidevuni. Mama aliuliza kila kitu, hata vibanda visivyo na historia.

Mbele ya nyumba, Fundi alishuka akasimama dirishani kwake. "Nipe muda," akasema.

"Nina miaka thelathini na saba, na wewe thelathini na nne. Muda wako usinipe mimi. Kamtafute mtoto wako." Akashika usukani kwa mikono miwili. "Na ule vizuri. Ukiwa na kazi husahau kula."

Mama ndiye aliyechelewa kushuka. Alimkumbatia Kipaza pale pale kwenye kiti, mkanda wa gari ukiwa katikati yao, akamkumbatia kwa nguvu mpaka miwani ikapinda. Hakumwambia arudi. Alikuwa amemzaa yule aliyesimama nje, na alimjua.

"Kama ningekuzaa wewe," akaanza, kisha akatikisa kichwa, akafungua mlango.

Kipaza hakuangalia kioo cha nyuma mpaka alipokata kona.

Nyumbani aliishi na dada yake mkubwa, mshonaji, ambaye ndiye aliyempokea na masanduku mawili siku alipoachika. Dada alikuwa kwenye cherehani, futi ya kupimia shingoni, jua la mwisho likiingia mlangoni. Aliposikia gari akaondoa mguu kwenye kanyagio hapo hapo, akainuka huku anacheka, maana tangu asubuhi alikuwa hakai wala hatulii kwa kusubiri habari.

"Enhe, lete! Mama mkwe amekupenda?"

Kipaza alisimama mlangoni, gauni limeganda chumvi magotini.

"Amenipenda, dada."

"Si nilikuambia! Amekupenda kweli?"

"Amenipenda sana."

"Sasa unalia nini?"

Kipaza akajaribu kumjibu. Midomo ilikwenda, sauti haikutoka. Dada alimtazama usoni, na tabasamu likamtoka pole pole. Akaivua ile futi shingoni, akaiweka mezani, akafungua mikono.